Hedifoni Ulizomnunulia Babu

Mkolani,
Mwanza.
14 Agosti 1995

Mpendwa Kaka Pius,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu umenizidi umri; leo sina sababu nyingine. Natumaini wewe, Shemeji Rose na watoto hamjambo huko Dar es Salaam. Sisi tu wazima, nami bado niko nyumbani kwa kuwa chuo hakijafunguliwa. Babu anakula na kutembea, lakini haongei mpaka aulizwe.

Bibi Modesta, dada yake wa pekee, alizikwa Sengerema Jumanne iliyopita. Babu hakuwepo. Hakuwepo hata mmoja wetu.

Tangazo lilisomwa redioni mara mbili. Unaijua redio ya Babu: zamani saa ya matangazo ya vifo alikuwa akiifungulia mpaka mwisho, na nusu ya mtaa ilikuwa ikipata habari kwake. Wewe ndiye uliyelalamika Pasaka kwamba inakupigia kelele, ukamtumia hedifoni za kuchomeka masikioni, na kwenye barua ukajisifu kwamba za bei poa zinafanya kazi sawasawa na za bei mbaya.

Zilifanya kazi wiki tatu. Ukichomeka waya wake, spika ya redio hunyamaza; kwa hiyo zilipokufa, nyumba nzima haikusikia kitu. Babu alikaa siku nne na plastiki yako masikioni, akiamini kwamba masikio yake ndiyo yaliyokufa. Aliona aibu kutuambia.

Ijumaa Shangazi Dorotea, binti wa marehemu, alishuka kwenye kivuko, kichwa kimenyolewa, akaja kusimama mlangoni kwetu.

"Mjomba, siku hizi Sengerema ni Ulaya? Mliomba viza mkanyimwa?"

Babu hakumsikia. Nikachomoa waya, redio ikalipuka kwa sauti hadi kuku wakakimbia.

Nilizipeleka hedifoni kwa fundi Maige, Mirongo. Alizifungua kwa ukucha, bila bisibisi.

"Hizi zimetengenezwa zifike dukani," akasema. "Kufika nyumbani ni bahati yenu."

Waya ni mwembamba kama unywele, umegandishwa tu; ukigeuza shingo, unakatika. Huo ndio unafuu uliojisifia! Mipaka imefunguliwa, tumepewa uhuru wa kuchagua, nawe, msomi wa familia, ukachagua kwa kutazama bei peke yake. Hukuuliza kitu hicho kitadumu siku ngapi, wala kikifa kitakufa na nini. Usingenunua kabisa, tungepata faida kubwa zaidi: redio ingeendelea kupiga kelele bure.

Sasa Dorotea anaamini kwamba Babu alimdharau dada yake, na Babu amekataa kujitetea. Nilipomwuliza sababu, alinijibu hivi: "Nikisema, nitakuwa nimemshtaki Pius."

Kwa hiyo usitume hedifoni nyingine. Njoo. Utavuka na Babu kwenda Sengerema, usimame mbele ya ukoo, useme kwa mdomo wako ulinunua nini na kwa nini.

Msalimie Shemeji Rose, na Bernadeta mdogo umbusu kwa niaba yangu. Mungu akupe safari njema, na akupe uso wa kumtazama nao Dorotea.

Ndugu yako akupendaye, ingawa wiki hii kwa shida,
Luhende