Papa na garantie ya nyumba ya reli

Kabedi, weye, niko nacheka mpaka ninalia!

Papa aliomba crédit ku banki, ajenge nyumba ya kutia balocataire, batu ba kulipa kodi. Unajua alitoa nini garantie, rehani ya ile deni? Hii nyumba ya kampuni ya reli yenye tunaishimo! Nyumba ya KAMPUNI, Kabedi!

Leo agent wa banki akafika: "Papa, karatasi ya nyumba iko wapi?" Papa anamujibu: "Niko humu miaka makumi tatu, karatasi gani tena?" Agent akaanza kufunga mufuko wake.

Njo Mama akatosha ku valise yake ya nguo karatasi ya parcelle, kiwanja ya kujenga. Jina lake! Aliinunua polepole na faranga za kuuzisha samaki ya Mulongo. Papa hakujua. HAKUJUA!

Agent akamugeuzia Mama kiti: "Na huyu papa?"

Mama: "Njo locataire wangu wa kwanza."