Mvua Niliyoiomba

Mpendwa Mama Skola,

Mwakeye, mke wangu. Najua salamu hii yetu ya asubuhi haimfai mtu aliyelala huko ulikolala, lakini sina nyingine, na ungenicheka kama ningeanza kwa kutumaini kwamba hujambo. Sisi huku jua linatuwakia. Mvua imechelewa tena kama mwaka ule, na leo Jumapili nimetoka kusalisha watu kigangoni. Nimekaa mlangoni na karatasi hii kwa sababu lililotokea leo siwezi kumweleza padre, wala mama yako, wala mtu yeyote anayeniita katekista.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinitania juu ya sala zangu? Nikisimama mbele ya watu nilianzia Kibondo kwenu, nikapita Kasulu, nikateremka mpaka Kigoma, nikawaombea wagonjwa, wasafiri, viongozi na mbuzi wao, na bado sijafika kwenye ombi lenyewe. Tukirudi nyumbani uliniwekea ugali na kusema, "Mungu si kiziwi, Baba Skola. Na watu wana njaa." Sala zako wewe zilikuwa za shambani. Ulinyoosha mgongo, ukaegemea jembe, ukasema, "Haya Mungu, unaona mwenyewe," kisha ukainama na kuendelea kupalilia. Nilikuonea huruma. Nilidhani ni wajibu wangu kuomba kwa niaba yetu sote wawili.

Mwaka ule tulikuwa wageni katika kijiji kipya. Tulikuwa tumehamishwa na serikali pamoja na wengine wote, tumeiacha migomba yetu, tumeletwa ng'ambo hii ya mto na kupangwa kwa mstari kandokando ya njia, na ardhini hatukuwa na kitu. Tulikula ule unga wa njano wa msaada walioubatiza jina la yanga, nawe ulikuwa ukiusonga huku umegeuza uso. Oktoba ikapita kavu. Novemba ikaelekea kwisha. Wazee wakaanza kunong'ona kwamba mvua haitujui huku, kwamba mteko wetu, mzee Rubuye, aliyeiombea nchi kwa desturi za Waha tangu enzi za baba zetu, ameng'olewa kwenye ardhi yake na maneno yake hayana tena pa kukanyaga. Mzee mwenyewe alikaa kwake akisuka vikapu. Mimi ndiye niliyesema. Nilitangaza kigangoni kwamba mvua ina Mwenyewe mbinguni, na kwamba Jumapili inayofuata tutamwomba.

Jumapili hiyo ulikaa kwenye gogo la nyuma umejifunga khanga mbili tumboni. Maumivu yalikuwa yamekuanza tangu Ijumaa na ulikuwa umenificha. Niliomba kwa ufupi siku ile, sijui kwa nini, labda koo lilikuwa limekauka kama mashamba. Nilisema watoto wana njaa, na wewe Baba unayo maji. Mama yako akaitikia amina kubwa, watu wakatawanyika. Hatujamaliza kuvuka uwanja, upepo ukageuka.

Unajua ilivyonyesha, Mama Skola, hata kama ulikuwa umelala chini ndani unauma shuka. Watu walitoka nje na kusimama katikati yake wamefumbua vinywa. Wanaume wazima walinibeba juu juu. Nilikuja nyumbani nimelowa chapachapa, nacheka peke yangu kama mwendawazimu, nataka kukwambia, na nikakuta Skola amekushika kichwa analia. Mganga wa zahanati alikugusa tumbo akasema limekuwa gumu kama ubao, utumbo umejifunga, ni lazima upasuliwe, upelekwe hospitali ya Kabanga leo hii.

Machela haikuchelewa. Hilo nawashukuru. Wale wale walionibeba mimi ndio waliokubeba wewe, wakipokezana bila kuambiwa, na kwa kuwa furaha ilikuwa bado imewajaa walikuwa wakiimba nyimbo za shukrani huku wanakukimbiza kwenye utelezi. Sikuwakataza. Ulitoa mkono nje ya blanketi, ukaukinga kwenye mvua, ukaniita niinamishe sikio. Ukasema, "Umeona? Siku ukiomba kwa ufupi ndiyo anakusikia." Na ulitabasamu, mke wangu, na meno yalikuwa yakigongana.

Tulipofika mtoni, daraja la magogo halikuwepo. Maji yalikuwa mekundu, yanasukuma miti mizima. Vijana wenye nguvu walijaribu kwa kamba na mkondo ukawarudisha. Ng'ambo ile ndiyo njia ya Kabanga, na ng'ambo ile ndiko tulikokuwa tukiishi kabla ya kuhamishwa. Tukakujengea kibanda cha majani na kusubiri maji yapungue. Yalipungua alfajiri, wewe ukiwa umeshakata roho.

Tulikuzika upesi. Padre alipokuja baadaye alinishika bega akasema mipango ya Mungu haichunguziki, nami nikaitikia, maana hata mimi nimewaambia hivyo wafiwa wengi. Sasa najua wafiwa wanavyolisikia neno hilo. Linaingia kama maji kwenye jiwe. Watu walitoka makaburini wakaenda moja kwa moja kupanda, kwa sababu ardhi ilikuwa laini na hakuna aliyejua itabaki laini mpaka lini. Siwalaumu. Kesho yake mama yako alikuja na macho yamemvimba, akanipa jembe mkononi. "Panda," akasema. "Mtoto atakula nini?" Nikapanda maharage kwenye udongo uliolainishwa na mvua ileile iliyokuzuia kuvuka.

Sijakuandikia ili kuungama. Sikukosa. Niliomba mvua kama mkulima yeyote anavyoomba, na ningekuwa nimejua hali yako ningeomba uzima wako kwanza, na hapo sijui Mungu angenisikia lipi. Ndilo linalonila. Kama angeninyima mvua ningemwelewa, kunyimwa tumeshazoea. Lakini alinipa. Alisikia kila neno nililosema, akatoa kwa mikono miwili, na alikuwa akiuona mto, na alikuwa akiliona tumbo lako.

Maharage ya mwaka ule yalikuwa hayajawahi kuonekana. Na hapo ndipo yakaanza mambo mengine. Watu walianza kuniletea mlangoni maharage ya kwanza kuchumwa, yamefungwa kwenye majani ya mgomba, kama walivyokuwa wakimpelekea mteko. Nikawakataza, wakaendelea kuyaacha na kuondoka. Nilidhani wananiheshimu kwa ajili ya sala. Siku moja jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, akanipa pole kwa sauti ya chini, akasema, "Mvua yako ilikuwa ghali, katekista." Ndipo nikaelewa. Kijiji kizima kilikuwa kinaamini kwamba mvua ile ililipiwa, na kwamba malipo yalikuwa ni wewe.

Nilitakiwa kulipinga hilo. Ningeweza kusimama na kuwaeleza kwamba Mungu si mfanyabiashara. Kila Jumapili niliazimia, na kila Jumapili nikasoma somo jingine. Nilikuwa nikiogopa kwamba katikati ya maelezo mtu angeniuliza, basi ilikuwa nini.

Mwaka uliofuata mvua ilikuja yenyewe, tukapumua. Mwaka huu imekataa. Jumatano wazee wa kigango walikuja wakakaa hapa nilipokaa, wakazunguka weee, mwisho wakasema watu wanataka niombe. Skola alikuwa anamenya muhogo, amekuwa mrefu sasa, angekufika begani. Walipoondoka aliendelea kumenya, kisha akaniuliza bila kuinua uso, "Baba, safari hii itamchukua nani?"

Nilimwambia mvua haimchukui mtu. Alinitazama vile ulivyokuwa ukinitazama nikikwambia ugali haujaungua.

Jioni ile nilifanya jambo ambalo lingekuchekesha: nilimwendea mzee Rubuye. Nilimkuta na kikapu chake magotini. Nikamuuliza kama yeye, katika miaka yote ya kuiombea nchi, aliwahi kudaiwa mtu.

"Weye unaniuliza miye?" akasema. "Mke wangu wa kwanza alikufa mwaka wa jua. Mto ulikuwa mkavu, tulivuka hata nyayo hazikulowa. Tukafika kwa daktari, mchana kweupe. Akafa."

"Sasa hapo nani alilipwa?" nikamuuliza.

"Ego," akakubali, "nani?" Akavuta ukindu kwa meno. "Hakuna. Alikufa tu, katekista."

Alinipa kiti, akanipa na pombe ya ndizi, ambayo sikuikataa. Alitaka kunipunguzia mzigo, nami namshukuru, lakini nilirudi nyumbani mzigo umeongezeka. Nimegundua kwamba moyoni nilikuwa nimeishikilia ile bei. Kama ulikuwa bei, basi kuna aliyekupokea, na kuna kijiji kilichokula. Lakini kama ulikufa tu, na mvua ilinyesha tu, mimi nimekuwa nikiongea na nani miaka yote hii? Sijapata usingizi wa maana tangu siku hiyo. Nimebaki kati ya Mungu anayeuza na mbingu isiyo na mtu, na kote kuwili siwezi kupiga magoti.

Basi Ijumaa nilimchukua Skola, tukavuka mto, maji yakiwa ya kisigino, nikampeleka Kabanga kwa dada yangu, pale karibu na hospitali ya misheni. Nilimwambia anakwenda kumsaidia shangazi kutwanga. Alifunga nguo zake bila kuuliza kitu. Jana nikarudi peke yangu, na sikumwambia mtu.

Leo asubuhi Yakobo, yule kijana aliyekuwa mbele kwenye machela yako, alinisubiri mlangoni pa kigango. Mkewe ana mimba ya mwezi wa mwisho. "Nimeshamvusha, katekista," akaniambia, karibu kwa furaha, kama mtu aliyetii agizo. "Tulikuona ulivyovuka na Skola."

Nikaingia. Magogo ya nyuma wanapokaa wajawazito yalikuwa matupu. Bibi mwenye pumu hakuwepo. Hakukuwa na mtoto anayelia, kwa sababu hakukuwa na mtoto. Walikuwa wamevusha kila mtu ambaye anaweza kuugua, wakabaki wenye nguvu, wamekaa wima, wananingoja nianze. Nimewafundisha katekisimu miaka yote hii, Mama Skola, na hili ndilo walilolishika.

Niliomba. Ningefanya nini? Ghala hazina kitu. Niliomba kwa ufupi, nikasema wana njaa na wewe Baba unayo maji, nikafika mwisho na kunyamaza ili watu waitikie. Hakuna aliyeitikia. Hata mama yako, ambaye amina yake husikika mpaka barabarani, aliinamisha kichwa na kushika rozari yake. Mmoja mmoja wakatoka.

Sasa ninavyoandika, wingu limetokea upande wa Kibondo. Ni kubwa, na limekuwa jeusi tangu nilipoanza ukurasa huu. Wanawake wanatoa masufuria nje na kuyapanga chini ya michirizi, lakini hakuna anayeimba. Yakobo amesimama njiani ameuelekea mto. Nami, niliyesimama mbele ya watu leo asubuhi kuliita wingu hili, nimejikuta nimeegemea mlango wako na kusema kwa sauti, kwa ufupi kama ulivyopenda, lipite. Baba, lipite tu.

Lala, mke wangu. Matone yameanza kuingia kwenye karatasi.

Mumeo,
Baba Skola