Jiko la Kaveke Ndani ya Chumba Changu

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Lynn Waruguru Njau
Umri: Miaka 24
Elimu: Darasa la nane
Kazi: Kushona vifungo, kiwanda cha nguo, Ruiru
Makao: Kamenu, Thika
Tarehe: 16/6/2025

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nataka kueleza juu ya Kaveke Muoki, ambaye mmemshika tangu jana mkisema aling'oa bikoni, lile jiwe la mpaka, kwenye ploti yangu huko Ngoliba.

Hiyo ploti niliuziwa mwaka jana na ajenti anaitwa Kahiga. Ni pahali pakavu, mchanga na miiba. Lakini Kahiga aliniwekea kitu kwa simu. Ukisimama pale uinue simu, unaona nyumba mbele yako, mabati ya kijani, madirisha, mpaka kivuli chake kimelala chini. Ukishusha simu, hakuna. Aliniambia ni mfano wa nyumba nitakayojenga, na hapo hakudanganya.

Kule kwetu Kamenu naiweka hiyo nyumba ya simu juu ya meza, inakuwa ndogo kama boksi ya viatu, na mtoto wangu Wamboi, wa miaka miwili, anachungulia dirishani. Jumapili tukitoka kanisa tunaenda Ngoliba kuiona ikiwa kubwa. Mtu anaweza kupita ukutani, lakini mimi sijawahi. Tunaingia kwa mlango. Wamboi anapiga hodi kwa hewa, mimi namkaribisha. Chumba cha nyuma ni cha kulala. Natandika leso, analala, nami nakaa, mkono mmoja mwavuli wa kumkinga jua, mkono mwingine simu, nione paa juu yake. Afande, kuna upepo fulani unapitanga hapo. Ukiwa umeinua simu unaona kama unaingia kwa dirisha.

Mnamo Jumapili tarehe 15/6/2025, kama saa nane mchana, nilikuta mama nisiyemjua amesimama chumbani, naye ameinua simu. Nikamsalimia. Akanijibu bila kuishusha, "Mama, sogea kidogo. Umesimama kwa jiko langu, utaungua."

Nikamwambia yeye ndiye amekanyaga kitanda changu na viatu. Tukacheka. Halafu tukabadilishana simu. Kwa yake niliona nyumba ya mabati mekundu, na pale Wamboi hulala palikuwa na jiko. Hapo ndipo tulielewa. Kahiga alikuwa ametuuzia ploti moja sisi wawili.

Huyo mama ndiye Kaveke. Anauza mboga hapo Ngoliba. Alikaa chini pale pale, Wamboi akaenda akamkalia mapajani. Tulimpigia Kahiga, akasema anakuja. Mimi niliondoka kwa sababu mtoto alikuwa na njaa. Kaveke akabaki kumngoja.

Jioni Kahiga akanipigia. Alisema amemkuta Kaveke aking'oa bikoni, polisi wamemchukua, na anataka niseme niliona. "Madam, ukisema uliona, nyumba ni yako peke yako. Ukikataa, nyinyi wote mtabaki na picha."

Niliweka nyumba mezani nikaiangalia. Niliitaka sana, na bado naitaka. Lakini kila nikichungulia chumba cha nyuma, ni kama namuona Kaveke amekaa chini jikoni kwake, amempakata mtoto wangu.

Kaveke hakung'oa kitu. Hiyo bikoni imelala tangu Pasaka, ng'ombe waliiangusha. Picha ninayo, Wamboi ameikalia.

Kahiga aliniambia siku zinakuja watu watavaa miwani tu, simu haitahitajika. Mimi naomba siku hizo zikifika, mtu akiangalia shamba aone jina la mwenyewe limesimama juu ya nyasi, hata yule asiyejua ofisi ya ardhi iko wapi. Wamboi atakuwa mkubwa, atalisoma.

Korti ikisema ploti ni yangu, nitamkaribisha Kaveke. Ikisema ni yake, nitapiga hodi.

Hayo ndiyo niliyoyaona, ndani ya simu na nje yake.

Sahihi: L. Waruguru

Maelezo haya yameandikwa nami, Konstebo Owino, nikamsomea shahidi, akakubali ni sawa. Simu yake imepokelewa kama kielelezo, pamoja na ya Kaveke Muoki. Kabla ya kufungwa kwenye bahasha, shahidi aliomba nyumba iwekwe mezani mara moja tu. Niliruhusu. Ilisimama kando ya kalamu zangu. Mtoto alipiga hodi. Nilimjibu, "Karibu."