Duara Jekundu la Jumamosi

Jumamosi, 11 Oktoba 2025

Leo nimemwaibisha mtoto wangu.

Asubuhi nilipokuwa natafuta kibiriti jikoni, nikaona duara jekundu kwenye kalenda ya agroveti, lile duka la dawa za mifugo. Tarehe ya leo. Mke wangu Kabura alikuwa akizungushia hivyo siku za ng'ombe kupata joto. Tangu tumzike mwezi wa Machi, sikujua kama kuna mtu anaandika kitu pale. Nikafurahi! Nikasema Wachuka ameona dalili, amerithi macho ya mama yake. Nikampigia simu Ngatia, daktari wa kupandisha ng'ombe.

Akaja na pikipiki kutoka Gakindu. Akapima, akacheka. Ati, "Baba Wachuka, hii ng'ombe yako haitaki bwana leo. Umenitoa kwa chai bure!"

Nikamwita Wachuka. Mbele ya Ngatia. Uliona nini? Ililia? Ilikataa kula? Si ni wewe umechora? Ana miaka kumi na tatu. Akatazama gambuti zake za mpira. Machozi. Akakimbilia ndani.

Ngatia akaacha kucheka. Ana mabinti watatu. Akavua glavu polepole. "Mzee, hiyo duara si ya ng'ombe."

Hata hapo nilimwuliza ni ya nini.

Jumapili, 12 Oktoba

Hakuja kanisani. Tumbo, alisema, mlango umefungwa.

Niliporudi nilifunua kalenda kwenda nyuma. Septemba 13, duara jekundu, dogo. Agosti 16, jingine. Siku ishirini na nane. Amebeba jambo hili peke yake, na mimi niko hapa hapa.

Nikaendelea hadi Januari. Maduara ya Kabura. Ya buluu, kila siku ishirini na moja, ya ng'ombe. Mekundu, ishirini na nane. Rangi mbili! Mwaka juzi, nikidhani yote ni ya ng'ombe, nilimtania mbele ya ndugu zangu, ati mke wangu hawezi kuhesabu hadi ishirini na moja. Walicheka sana. Yeye pia alicheka, akaendelea kumenya viazi. Nakumbuka ganda lilivyoshuka refu, bila kukatika. Hakunisahihisha.

Jumatatu, 13 Oktoba

Duka la dawa, Gakindu. Nilingoja watu waishe. Hawaishi. Nikasema kwa sauti ya chini, pedi. Yule mama wa dukani, Kananu, akauliza kwa sauti ya juu: za nani? Theuri wa kwaya alikuwa nyuma yangu. "Mzee ameoa! Na hajatualika!" Kicheko. Nikasema ni za msichana wangu, hana mama.

Kananu akanivuta kando, akanieleza bila haraka. Tumbo la uzazi hujikaza likitoa utando wake wa mwezi, ndiyo maumivu. Mara nyingi siku mbili za kwanza ndizo mbaya. Kitu chenye joto chini ya kitovu, chai ya tangawizi, kutembea kidogo. Dawa ya maumivu akishakula. Si uchafu, si ugonjwa. Lakini akizimia, au pedi ikijaa kwa saa moja, hospitali, usingoje.

Nikauliza kama kumwacha alale ni kumdekeza. Akaniangalia. "Wewe ukiumwa na tumbo huwa unadeka?"

Pedi nimeziweka kitandani kwake. Nikaenda kukamua.

Alhamisi, 16 Oktoba

Bado hanitazami. Ndiyo Baba, sawa Baba. Kama mtu anayemjibu chifu.

Jumamosi, 8 Novemba

Siku ishirini na nane. Nilihesabu mwenyewe. Na leo kiwanda kinapokea kahawa, mwisho saa kumi, na matawi yameinama kwa kuiva.

Saa moja Wachuka akatoka na ndoo. Midomo haina rangi. Hata mstari wa kwanza hajaumaliza, nikamwona ameshika mti, amejikunja.

Nikamwambia, rudi ukalale, mami. Niko sawa, Baba. Rudi. Niko sawa! Nikaichukua ndoo. Hapo akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu siku ile ya Ngatia. Si kwa hasira. "Mama ulimwambia kahawa haitajichuma."

Nilimwambia. Si mara moja. Nikiwa nimesimama nje ya mlango, nikigonga kwa kidole. Nilidhani mtoto amelala.

"Nilikosea," nikasema. Neno dogo hivyo. Akalifikiria kidogo, kisha akaenda ndani.

Sasa ni saa nne. Kahawa iko mitini, na ikae huko. Maji nimeyaepua, nangoja yapoe kidogo niyatie kwenye chupa, niifunge taulo.

Ameniita. Anauliza, Mama akiumwa alikuwa analala vipi? Kwa upande gani, ndiyo apate nafuu?

Miaka kumi na sita, kitanda kimoja. Sijui. Siku hizo sikuwahi kuingia nikaangalia.

"Baba?" Ameita tena.