Sentensi Ambayo Hukuisema

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumanne asubuhi

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti lako limetulia, na wifi yangu bado anakuficha chumvi. Mimi ukiniuliza hali nitakujibu kama tulivyolelewa, kwamba sijambo, lakini ukiitazama miguu yangu itakupa jibu jingine. Imevimba hata viatu vimenikataa. Nalala nimeegemea mito mitatu, na daktari wangu, ambaye kwa umri ni mjukuu kabisa, ameacha kunitajia miezi. Siku hizi ananiambia tu nisijichoshe. Nimewasikiliza wakwepa maswali maisha yangu yote. Najua maana yake.

Kwa hiyo sina muda wa kuzunguka. Nakuandikia kwa ajili ya binti yako. Huu ni mwaka wa tatu hamsemezani, na kati ya nyumba yako na duka lake kuna mitaa miwili tu. Nataka umrudishe nyumbani nikiwa bado naweza kuisikia habari hiyo kwa masikio yangu. Ninalo la kukuambia kuhusu ugomvi wenu, na naomba ulisome hadi mwisho kabla hujapiga meza.

Kazi yangu unaijua. Miaka thelathini na mmoja niliketi chini ya kiti cha Spika, nikiandika kila neno lililotamkwa bungeni. Nilianza na hati mkato, ikaja mashine ya chapa, zikaja kanda, kisha kompyuta. Waheshimiwa walisinzia, mimi sikusinzia. Walitukanana, nikayaandika matusi yao kwa mwandiko mzuri. Walipocheka niliandika kicheko kwenye mabano, walipopiga makofi niliandika makofi, na katika kurasa zote hizo hamna neno langu hata moja. Mbunge akilalamika kwamba amenukuliwa vibaya, alikuja ofisini tukasikiliza kanda pamoja. Kosa likiwa letu, mwandishi aliyekosea aliweka sahihi yake chini ya masahihisho, nayo yakachapishwa. Nilistaafu bila kuweka sahihi hiyo hata mara moja. Hilo najivunia, wala sitajifanya mnyenyekevu kwa kuwa naumwa.

Ila nilipostaafu niligundua kwamba maneno yangu mwenyewe yamenijaa hadi kooni. Ile blogu ya Makofi na Vicheko, uliyokuwa ukinisomea kwa simu, ni yangu. Vuta pumzi. Ni yangu tangu makala ya kwanza.

Niliandika juu ya hotuba zinazochukua saa mbili kusema kwamba jambo litaangaliwa. Niliandika juu ya simu zinazokumalizia sentensi kabla hujajua unataka kusema nini, nikasema nimewahi kukaa mbele ya waziri wa namna hiyo. Kulikuwa na wimbo uliopigwa kila kona. Nilihesabu kiitikio mara sitini na nne, nikaubeza aya tatu nzima, kisha nikakiri kwamba nimeucheza jikoni mpaka nikashika ukuta. Wasomaji waliniita kaka. Mmoja alinishauri nioe nitulie. Mwingine aliniambia nikue kwanza ndipo niguse siasa. Nilikuwa na miaka sabini na minne. Na wewe, mheshimiwa diwani, ulinipigia ukasema dada, msikilize huyu kijana, ana kichwa, uache kuishi zamani. Nilijiziba mdomo kwa mto nisisikike nikicheka.

Kisha ukafungua chumba cha kompyuta pale shuleni. Kompyuta ishirini, kila moja imefunikwa kitambaa cha maua kama kochi la mgeni, na ukutani hakuna umeme. Nilikuwa safu ya pili, dada wa mgeni rasmi. Wiki ile ile makala ikatoka, na ndani yake yale maneno yaliyokufuata mpaka kwenye kura: kwamba ulisema kompyuta zikishazoea mahali, umeme utakuja wenyewe. Vijana waliyachapa kwenye fulana. Watoto walikuimbia njiani. Kiti ukakikosa.

Vidole vyangu vilikuwa vimeanza kutetemeka, hivyo niliandika kwenye daftari na binti yako akachapa dukani kwake, katikati ya simu za watu. Nilimwapisha asinitaje. Ndiyo maana siku uliyokwenda kubadilishiwa kioo cha simu, ukakuta makala nyingine imechapwa nusu kwenye kompyuta yake, alikujibu kwamba si yake na hawezi kusema ni ya nani. Ukaona amekufanyia jeuri. Ukamwambia asikanyage kwako. Alibeba adhabu yangu akanyamaza, na hakuna kati yetu, si mimi wala wewe, ambaye angeweza kuibeba muda wote huo.

Utauliza kwa nini sikujitokeza siku ile ile. Wasomaji walikuwa wameongezeka mara tatu, ndugu yangu, na nilipenda kuitwa kaka. Kila mwezi nilijiambia mwezi ujao.

Sasa lililo zito. Ile sentensi hukuisema. Niliitunga mimi. Siku ile nilikuwa na daftari mapajani, kwa mazoea tu, na hati mkato yangu ipo mpaka leo. Mwalimu mkuu alipokuuliza habari za umeme, ulisema hivi, neno kwa neno: "Hili la umeme linaniuma, na leo naona aibu kusimama hapa. Sitaacha kufuatilia mpaka taa ziwake." Yalikuwa maneno ya mtu mzima na mkweli, nami niliyaona hayachekeshi. Nikayaacha, nikaweka yangu. Wageni nimewanukuu miaka thelathini na mmoja bila kuwakosea. Ndugu yangu wa tumbo moja nikamtilia maneno mdomoni. Wakati wa kuchapa, binti yako aliinua kichwa akaniuliza kama kweli baba alisema vile. Nilimjibu kwamba nilikuwepo.

Jana nilimwita nikamweleza. Hakunigombeza. Aliniuliza tu ni yapi uliyoyasema kweli. Nikamsomea kutoka kwenye daftari. Akaniomba nirudie. Nikarudia, akageuza uso dirishani, akasema huyo ndiye baba anayemjua.

Kisha akachapa masahihisho niliyomwandikia, bila kubadilisha neno. Yapo kwenye blogu tangu saa tatu leo asubuhi: tarehe ya makala, maneno yangu ya uongo, maneno yako ya kweli, na chini jina langu kamili na sahihi yangu, imetetemeka lakini inasomeka. Wanaoniita kaka wataipata shoo ya bure. Makala mia mbili na kumi na tatu zilizobaki sizifuti. Ni kazi nzuri, nazo zinasema kweli, na ningependa uzisome tena ukijua ni nani anazungumza.

Kwangu njoo ukiwa umekasirika kiasi chochote, nitakupokea nimelala. Lakini anzia dukani. Hufunga saa kumi na mbili. Usimwambie kwamba umemsamehe, kwa sababu hana kosa la kusamehewa. Mwambie tu kwamba umekuja kumchukua.

Nisalimie wifi yangu na wote wa hapo nyumbani. Kalamu imekuwa nzito, naiweka chini nikiwa na amani kuliko nilivyoishika.

Ni mimi dada yako,
anayekupenda na aliyekukosea.