Meza Hii Isisogezwe

Baba watoto, ukitoka huko chumbani ulikojifungia, usiisogeze meza hii wala usiiegemee. Ule mti tuliousimamisha juu yake ndio umeshikilia dari.

Watoto wakitoka shule waende kwa shangazi yao. Wasikanyage humu.

Tulikubaliana nini? Tupake rangi, tubadilishe vitasa na mabomba, tuiuze nyumba, tuhamie nyingine, kama tulivyofanya kwa zote zilizotangulia. Haba na haba. Mimi naingia kuoga, wewe unachukua nyundo na kuubomoa ukuta wa jikoni, eti wanunuzi siku hizi wanapenda sebule kubwa! Natoka na povu masikioni, nakukuta umesimama juu ya meza, umeishikilia dari kwa mikono miwili, unaninong'oneza: "Mke wangu, usipige kelele, itaanguka."

~~Sirudi.~~ Nimekwenda kumtafuta fundi mwashi. Asipopatikana, mimi sijui tena la kufanya.

Chai iko uani. Kunywa, aibu haishibishi.

Na ile rangi ya sebule usiifungue. Makopo yote manne yako chini ya miguu ya meza. Bila hayo mti haufiki darini.

Mama watoto