Pomboo Anayesujudu

Jumanne, 6 Machi 2018

Mhariri kanituma mji wa Pekalongan niandike habari ya "pomboo mcha Mungu". Sarakasi imetandika bwawa lake la turubai ubavuni mwa msikiti. Klorini imekolea, macho yaliniwasha nikiwa bado mlangoni. Pomboo ni jike, jina Intan. Jicho moja halifunguki.

Adhuhuri kipaza sauti cha msikiti kikakwaruza, adhana ikaanza. Intan akaja ukingoni, akajiinua, akainamisha kichwa. Subhanallah! Mama mmoja akamfinya mwanawe: samaki anasujudu, wewe hata kutawadha mpaka ufukuzwe! Watu wakacheka.

Si samaki. Na mimi nilikuwa nautazama mdomo wake. Ulikuwa wazi.

Jumatano, 7 Machi

Wiji, mfunzaji wake, alinivuta nyuma ya lori. Mbak Lastri, dada yangu, usiniandike. Sawa.

Anasema onyesho huanza kwa spika kukwaruza. Intan huinama, hupewa samaki. Kabla ya hapo hapewi kitu — akishiba hachezi. Spika zao na za msikiti ni za aina moja, hukwaruza vilevile. Kwa hiyo kila adhana anakuja kula, na hapati. Muujiza wote ndio huo!

Kibali cha sarakasi kinakwisha kesho kutwa. Maofisa wa wanyamapori wameshamwandalia kizimba baharini, apone. Lakini mji unaomba sarakasi iongezewe mwezi, kwa ajili ya "sala" yake. Wiji: mwezi? Hafiki huyu.

Nikampigia mhariri. Lastri, watu wanataka muujiza, wewe unawaletea njaa. Nikamkatia simu.

Alhamisi, 8 Machi

Nilimwendea imamu, Sobirin, ambaye hapa huitwa Kiai, yaani shehe. Nikamwomba awashe kipaza sauti bila adhana, tuone. Akanitolea macho: spika ya msikiti si ya kuchezea, binti. Bahati nzuri bibi mmoja alikuwa amepotelewa na mbuzi, na mbuzi aliyepotea hapa hutangazwa msikitini. Kiai akatangaza.

Intan akainama. Kwa mbuzi!

Nilidhani yamekwisha. Gunadi, mwenye sarakasi, akanyakua maikrofoni yake: jamani, Intan anamwombea dua hata mbuzi wa jirani! Wakapiga makofi. Makofi! Watu wazima, wenye akili zao.

Watu walipotawanyika Kiai alibaki kwenye uzio. Intan naye bado pale ukingoni, mdomo wazi. Kiai akamwuliza Wiji: mbona humpi? Bosi kakataza, Pak Kiai, mzee wangu, mpaka onyesho la jioni.

Mzee: basi mara tano kwa siku namwita mezani, na meza tupu. Akaondoka bila kuniaga.

Ijumaa, 9 Machi

Ofisa wa wilaya amekuja kukata shauri la kibali. Anataka aione sala kwa macho yake kabla hajaingia msikitini. Gunadi kampangia viti vya plastiki mbele, na dafu la kunywa. Mimi nimeegemea turubai, naandika hapa hapa.

Kiai katoka barazani. Mikono mitupu, hana maikrofoni.

Gunadi: Pak Kiai, umeme umekatika?

Umeme upo.

Kaweka viganja masikioni, anaadhini kwa koo lake mwenyewe. Sauti ya kizee, haivuki barabara. Wanaume wananung'unika. Hatusikii! Washa, Pak Kiai! Huyu leo kapatwa na nini? Mmoja anasema kwa sauti kabisa kwamba imamu kanunuliwa na waandishi. Kiai hageuki.

Intan hajaja. Yupo katikati ya bwawa, anaelea, pezi halitikisiki. Ofisa katazama bwawa, katazama saa, kamtazama Gunadi. Mbona hasali?

Atasali, bwana mkubwa. Atasali sasa hivi.

Gunadi anaiendea mashine yake mwenyewe ya spika. Mkwaruzo mmoja tu unatosha, na anajua. Lakini Wiji kasimama mbele ya swichi, ndoo ya samaki mkononi.

Toka hapo.

Wiji hajatoka. Anaingiza mkono ndooni, anamrushia Intan samaki mmoja, kisha mwingine: akishiba hachezi.